Bunduki ni Namba Yake

Shikamooni wakubwa. Watendaji, waheshimiwa madiwani, nimepewa nusu saa tu, kwa hiyo twende moja kwa moja kwenye bunduki hii iliyo mezani. Imekaguliwa, chemba inapokaa risasi ni tupu, na boliti, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, iko wazi. Sogeeni muione.

Hii ni Lee-Enfield, kaliba .303. Wazee wetu wa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, walipigana nayo hadi Burma. Tazama upande wa kulia, chini ya mkono wa boliti, kwenye pete ya chuma inayoshika kitako. Kuna taji, chini yake herufi G.R. za Mfalme George, kisha kiwanda, mwaka 1917, na aina. Mkusanyaji wa silaha za kale angekesha hapo. Mimi natafuta namba. Iko hapa kwenye mwili wa bunduki, iko tena nyuma ya mkono wa boliti. Zikifanana, vizuri. Zikitofautiana, msikimbilie kusema ni ya wizi, maana mafundi wamekuwa wakibadilisha vipuri tangu enzi za vita. Ila mwenye nayo ana maelezo ya kutoa. Na ukikuta mahali pa namba pamekwanguliwa kwa tupa, hapo hakuna tena cha kujadili, ita polisi.

Naisisitiza namba kwa sababu leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, humfunga mtu mmoja na bunduki moja. Ukiwa na leseni ya shotigani yako, huwezi kuazima raifali ya shemeji ukalinde mahindi. Shemeji naye hana haki ya kukuazima, hata mkiwa mmelala nyumba moja.

Sasa nije kwenu. Maombi ya silaha huanzia kijijini au mtaani, yakapita kata, ndipo yapande wilayani na mkoani. OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, hamjui mwombaji. Ninyi mnamjua: mnajua akilewa anakuwaje, mnajua ugomvi wake wa mpaka wa shamba, mnajua mkewe alilala kwa nani juzi na kwa nini. Kwa maoni yangu hakuna muhuri wenye uzito kama wa kata, na hakuna unaogongwa kirahisi kama huo. "Huyu ni mtu wetu, mpitishe." Jamani! Mtu wetu ndiye atakayempiga risasi mtu wetu mwingine.

Kuhusu kuibeba sitachukua muda. Leseni iwe mfukoni, bunduki iwe kwenye mfuko wake, bila risasi ndani. Na jambo linalowaponza wengi huku kwetu kwenye nguruwe pori: leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Uwindaji una sheria yake, ya wanyamapori, ya mwaka 2009. Unaweza kuwa na karatasi zote za bunduki na bado ukalala ndani kwa sababu ya mnyama, au kwa kukutwa na silaha ndani ya pori la akiba bila ruhusa.

Gobore, ndiyo, nilijua mtaniuliza. Gobore la fundi wa kijijini halikutoka kiwandani na namba, halimo kwenye daftari la msajili wa silaha. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Kikitangazwa, msisubiri wiki ya mwisho.

Mama pale nyuma ameuliza: marehemu baba ameacha bunduki kwenye sanduku, wafanyeje? Pole sana, mama. Leseni ilikuwa ya baba, watoto hawairithi kama shamba. Msimpe kaka mkubwa aitunze, wala msijaribu kuifungua kuona kama ina risasi. Mjulisheni mtendaji, aite askari waje kuichukua pamoja na leseni ya marehemu. Mtoto anayeitaka ataanza maombi yake mwenyewe, kutoka kijijini. Na askari wakija, someni namba kwenye chuma pamoja nao, mhakikishe ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi ya kupokelea kabla hamjasaini.