Kalamu ya saa nane usiku

SALIMU: Asalaam aleikum wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Salimu, na dada Rehema, muuguzi, yupo hapa mbele yangu. Ametoka zamu ya usiku, amelala, amekula, ndiyo akaja. Nimelitaja hilo la kulala kwa sababu leo ndiyo mazungumzo yenyewe.

REHEMA: Waaleikum salaam, mwalimu. Nimelala kweli, masaa sita. Mwaka juzi ungeniambia nilale mchana baada ya zamu ningekuona hunitakii mema. Mchana nilikuwa nafua, napika, nafuatilia watoto shuleni. Halafu usiku nisiokuwa na zamu ndiyo naandika.

SALIMU: Waambie unaandika nini.

REHEMA: Naandika maisha yangu. Jinsi mama alivyokuwa akikuna nazi huku akitusimulia habari za babu, aliyekuja Tanga kuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge. Jinsi barabara yetu pale Ngamiani inavyonukia mvua ya alfajiri ikishapita. Ukurasa mmoja kwa wiki, pengine miwili. Wanaosoma ni wachache na nawapenda, ila hata wasingekuwepo ningeandika.

SALIMU: Ikafika siku ya kipimo.

REHEMA: Mimi kazi yangu ni kupima watu presha, sivyo? Asubuhi moja tumeletewa mashine mpya, tukawa tunapimana wauguzi kwa wauguzi. Yangu ikasoma 162 kwa 104. Nikakaa kimya dakika tano, nikapima tena, ikarudi palepale. Wagonjwa huwa tunawaambia ikifika 140 kwa 90, na ikajirudia siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda. Nilipima siku tatu. Nikaenda kwa daktari, nikapanga foleni kama mgonjwa mwingine, nikaanza vidonge, na vidonge nameza mpaka leo. Hilo nalisema mapema, asije mtu akasikia kipindi hiki akaacha dawa akashika daftari.

SALIMU: Ukalilaumu daftari.

REHEMA: Sana. Daktari aliniuliza nalala kwa muda gani. Kuhesabu pale pale, naona masaa manne, siku nyingine matatu. Watoto wakishalala nachemsha kahawa, naandika mpaka saa saba, siku nyingine saa nane usiku, na saa kumi na moja alfajiri niko macho, naamsha watu. Nikasema basi, mwizi wangu ni huyu. Nikalifungia kabatini miezi mitatu.

SALIMU: Na usingizi ukarudi?

REHEMA: Ulirudi, na kwa usingizi na dawa presha ikashuka. Lakini nyumbani nikawa mkali. Kuna zamu nzito, mwalimu. Kuna siku tunampoteza mtoto wa watu, narudi nyumbani jambo limenikaa kooni. Zamani ningelitoa kwa kalamu. Sasa likawa linawatokea wanangu: uji umemwagika kidogo tu, mimi nimeshapaza sauti. Mwanangu mkubwa ndiye aliyelitoa lile daftari kabatini akaniwekea mezani. Hakusema neno.

SALIMU: Alijua.

REHEMA: Watoto wanajua.

SALIMU: Sasa niwaambie wasikilizaji jambo nililokusimulia siku ile. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike robo saa kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida tu. Wengine waliandika yaliyowaumiza maishani, tukio lenyewe pamoja na walivyojisikia. Hao waliomimina moyo, miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao.

REHEMA: Na ile nusu ya pili. Usiiache, maana ndiyo yangu.

SALIMU: Nusu ya pili ni kwamba pale pale walipomaliza kuandika, haohao ndio waliokuwa na huzuni zaidi, na presha yao ilikuwa imepanda kuliko ya wenzao.

REHEMA: Basi hapo ndipo nilipojiona. Wale ni wanafunzi, tena wachache, si mama wa watoto wawili mwenye zamu za usiku, kwa hiyo sisemi ndiyo sheria kwa kila mtu. Lakini nilichokuwa nafanya mimi ni kulifungua jambo zito kuliko yote saa sita ya usiku, kikombe cha kahawa kando, kisha naulalia mto na kuudai mwili usingizi. Utatoka wapi? Moyo bado unakwenda mbio na yule mtoto wa wodini.

SALIMU: Na kahawa nayo haijaondoka.

REHEMA: Kahawa ya saa kumi jioni, ikifika saa tatu usiku kama nusu ya nguvu yake bado unayo mwilini. Sasa ya saa tano usiku je? Siku hizi nakunywa asubuhi barazani, na kashata yangu, basi.

SALIMU: Ukabadilisha nini kwenye kuandika kwenyewe?

REHEMA: Nilipanga mambo kwa uzito wake. Mazito naandika mchana, siku ya mapumziko, nikiwa nimelala na mwanga unaingia dirishani. Robo saa, nikizidisha sana nusu saa. Nikimaliza natoka, nashuka kwa miguu mpaka Raskazone, naitazama bahari, narudi. Usiku naandika mepesi tu: neno la bibi lililonijia, jina la samaki nililolisikia sokoni, mistari mitatu minne. Saa nne ikigonga nafunika. Na nikiwa kwenye bajaji najirekodi kwenye simu. Sentensi nyingi ninazozipenda zilizaliwa kwenye bajaji.

SALIMU: Hapa tutabishana kidogo, dada. Mimi shairi haliniji kwa ratiba. Likija saa saba usiku, nikililalia, asubuhi silioni.

REHEMA: Liandike mistari miwili, ulale. Kama ni lako, mistari miwili itakurudisha.

SALIMU: Mengine hayarudi. Nimepoteza kadhaa, na nayakumbuka kwa uchungu.

REHEMA: Naamini. Na mimi nimepoteza kurasa ile miezi mitatu. Lakini lililonirudia lilirudi limeiva. Ile habari ya babu na mkonge niliiandika mara tano usiku wa manane, ikawa inalia tu. Niliyoiandika mchana baada ya kutembea, babu ana mikono, ana panga, anacheka. Uchovu ulikuwa unanifanya niandike huzuni yangu badala ya kumwandika yeye.

SALIMU: Hilo nalikubali. Nami huwa namkumbuka Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, hapa hapa kwetu. Kazaliwa 1909. Kuanzia 1926 ni mtumishi wa serikali ya kikoloni: forodhani, kisha idara ya mifugo, kisha ofisi ya utawala, kisha upimaji wa ardhi. Vitabu zaidi ya 20, na muda mwingi alikuwa na ajira na uhamisho juu yake. Nikilalamika kwamba nina madaftari 180 ya kusahihisha, namfikiria yeye.

REHEMA: Nami humfikiria, ila nakumbuka pia kwamba alifariki 1962, akiwa na miaka 53. Mtu wa umri huo akiletwa wodini mimi humwita kaka. Ningependa angebaki nasi miaka ishirini mingine.

SALIMU: (Kimya.) Kuna swali wengi wanakuuliza. Wagonjwa unawaandika?

REHEMA: Hapana. Naandika nilivyojisikia, mikono yangu ilivyotetemeka, chai iliyopoa mezani. Jina, kijiji, ugonjwa, hata rangi ya kanga ya mama yake, sigusi. Yule hakuja kwangu ili awe ukurasa. Na wanangu pia nawasomea kwanza. Mkubwa amewahi kuniambia, mama, hii toa, na niliitoa.

SALIMU: Mimi sijaandika shairi tangu muhula uliopita, na usingizi sina pia.

REHEMA: Ndiyo maana nimekuja na mashine kwenye mkoba. Umekunywa kahawa?

SALIMU: Sasa hivi, kabla hatujaanza.

REHEMA: Basi tusubiri nusu saa. Halafu utaegemea kiti, miguu chini, usikunje nne, usiongee dakika tano, mkono juu ya meza.

SALIMU: Wasikilizaji, tunazima kinasa sauti. Mwalimu anapimwa.