Angola ya Florida: Makazi ya Watoro Yaliyochomwa Moto

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo kaka Mwinyi anatupeleka Florida, kwenye mto Manatee, kusini mwa ghuba ya Tampa. Mwanzoni mwa karne ya 19 palikuwa na makazi ya watu weusi yaliyoitwa Angola. Makazi ya watumwa, sivyo?

MWINYI: Ya watoro, dada. Sheria ya Marekani iliwahesabu kuwa mali ya watu, lakini pale Manatee hapakuwa na bwana wala mnyapara. Florida ilikuwa ya Hispania, na tangu zamani mtoro akivuka mpaka alikuwa na tumaini. Mwaka 1738 Wahispania waliwapa watoro mji wao kabisa, Fort Mose, karibu na St. Augustine.

ZUHURA: Na Waseminole, wale wenyeji wa asili wa Florida?

MWINYI: Majirani na washirika. Wengi wao asili yao ni Wacreek, taifa la wenyeji wa asili wa Georgia na Alabama, waliohamia kusini karne ya 18. Walikuwa na watu weusi waliohesabiwa watumwa wao, ila si utumwa wa mashamba ya pamba. Mtu anaishi kijijini kwake na familia yake, ana shamba, ana ng'ombe, ana bunduki. Kwa chifu anapeleka sehemu ya mavuno, basi. Vita ikija, wanapigana pamoja.

ZUHURA: Habari kama hizo zikimfikia mtumwa kule Georgia, nani atamzuia asiondoke?

MWINYI: Ndiyo sababu walisakwa! Anza na ngome ya Prospect Bluff, mto Apalachicola. Waingereza waliijenga wakati wa vita vyao na Marekani, wakaondoka 1815 wakiwaachia watu weusi silaha na baruti. Tarehe 27 Julai 1816 mashua ya kivita ya Marekani ikarusha tufe la chuma lililochomwa likawa jekundu. Likatua kwenye ghala la baruti. Inakadiriwa walikufa watu 270, wanawake na watoto wamo.

ZUHURA: Ya Rabi! Kwa tufe moja?

MWINYI: Moja tu. Vijiji vya mto Suwannee navyo vikachomwa na jeshi la jenerali wa Marekani, Andrew Jackson, mwaka 1818. Walionusurika wakazidi kuteremka kusini, Angola ikajaa. Makadirio yanafika watu 700 na zaidi. Wanalima, wanavua, wanafanya biashara na wavuvi wa Kuba. Kisha 1821 Hispania inaikabidhi Florida kwa Marekani, na gavana ni Jackson yuleyule. Mwaka huo kikosi cha Wacreek wa Coweta, mji wao mmoja mkubwa, kikateremka, kikachoma nyumba, kikakamata watu kama 300.

ZUHURA: Hapo ndipo panaponiuma. Wacreek wenyewe walikuwa wananyang'anywa ardhi.

MWINYI: Walikuwa wamegawanyika, dada. Mwaka 1813 na 1814 walipigana wao kwa wao, na wengi wa walioshindwa wakakimbilia Florida. Upande wa chifu William McIntosh wa Coweta ulishikamana na Marekani, na yeye mwenyewe alimiliki watumwa. Mimi siwaiti vibaraka, walijua wanachokitafuta. Mwaka 1825 McIntosh alitia saini mkataba wa kuuza ardhi ya Wacreek, na Wacreek wenzake wakamuua kwa hilo.

ZUHURA: Na waliochomoka siku ile ya Angola?

MWINYI: Wengine walijichimbia ndani ya Florida. Wengine walifika Cape Florida, rasi iliyo kusini-mashariki, wakavuka bahari kwa mitumbwi na mashua za Wabahama mpaka kisiwa cha Andros, huko Bahamas. Kijiji chao, Red Bays, kipo hadi leo. Wanasuka vikapu vilivyokazwa kiasi kwamba maji hayapenyi, na zipo koo zinazoitwa Bowlegs, jina la machifu wa Kiseminole.

ZUHURA: Kwa hiyo watu hawakutoweka. Palipotoweka ni mahali.

MWINYI: Na mahali penyewe panafukuliwa sasa. Kwenye chemchemi ya Manatee, mjini Bradenton, wanaakiolojia wamechimba katikati ya nyumba za watu, na wazao kutoka Andros wamekwisha kuja kupaona.