Kufuga kanga kwa kibali: tuanze na faili, kisha banda, kisha vifaranga

Karibuni wafugaji wenzangu. Tuko Usa River, njia ya kutoka Arusha kwenda Moshi, na hiyo kelele mnayoisikia ni kanga wangu, wamemwona mgeni aliyeshika kamera. Banda mtaliona. Lakini leo naanzia hapa mezani, kwenye faili hili la kijani.

Kanga ni mnyamapori. Usidanganyike kwa kuwa umemwona kwa jirani akila pumba pamoja na kuku. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ndege huyu, yai lake, unyoya wake na nyama yake vyote ni nyara za Serikali, na kukutwa navyo bila hati ni kosa la jinai. Kwa hiyo kabla ya kununua wavu, nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri yako au ofisi ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Mweleze unataka kufuga ndege gani, wangapi, na eneo lako lilipo. Mwombe aje aone kabla hujachimba shimo la nguzo hata moja. Mimi nilijenga kwanza, nikaomba baadaye, na upande mzima ule wa mashariki niliubomoa nikajenga upya.

Najua wengi mnaona urasimu ni mkubwa kwa ndege anayefanana na kuku. Nami nililalamika. Ila kumbukeni kasuku wadogo wa Fischer, ambao asili yao ni huku kwetu kaskazini: miaka ya 1980 walinaswa kwa maelfu na kuuzwa nje, hadi porini wakapungua. Anayenasa hutumia mdomo uleule wa kusema "hawa nimewafuga". Faili ndilo linalotutenga na yeye.

Sasa mbegu. Ndege wa kuanzia nunua kwa mfugaji mwenye kibali, akuandikie karatasi: wangapi, wa umri gani, tarehe gani. Na kabla hujawapakia kwenye gari uliza kuhusu kibali cha kuwasafirisha. Msimu mmoja wa masika kijana wa hapa jirani aliniletea mayai 14 kwenye kofia, ameyatoa kichakani. Kijana mwema, alidhani ananisaidia. Niliyakataa, na tulirudi naye hadi kwenye kiota tukayarudisha. Yai la porini likishaingia bandani kwako, vifaranga wako wote wanatiliwa shaka. Akija pia mtu wa kukuahidi mnunuzi wa ndege hai ng'ambo, mwambie Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Soko la kulipangia ni la humu ndani.

Haya, tuingie bandani. Simama hapo kwanza, funga huo mlango nyuma yako, ndipo nifungue huu wa pili. Milango miwili, na katikati nafasi ya mtu mmoja na ndoo yake. Kanga akitoka hapa harudi kama kuku. Anapanda mti, na kesho yuko shamba la mtu.

Banda hili ni mita 4 kwa 6, lina ndege 10. Wavu wa chini, mita moja ya kwanza, una matundu ya nusu inchi, na umezikwa ardhini sentimita 45. Hapo nawazuia nguchiro, kicheche na nyoka. Juu yake unaweza kutumia wavu wa kawaida wa kuku.

Sasa inua kamera, waone paa. Theluthi moja ni bati, ndiko wanakolala, maana Julai usiku huku chini ya Mlima Meru baridi ni kali. Sehemu iliyobaki ni neti laini ya nyuzi, imelegezwa kidogo. Hili naomba mlishike. Kanga akishtuka hakimbii pembeni, anaruka juu wima kama jiwe lililotupwa. Mwanzoni nilikuwa nimeweka wavu wa chuma. Usiku mmoja mbwa alipita, na asubuhi nikamkuta kanga dume wangu mkubwa amepasuka kichwa. Neti laini inampokea na kumrudisha chini mzima.

Vitulio viwekwe juu, unene wa mkono wa mtoto, na kimoja kisiwe juu ya kingine, kwa sababu wa juu atamchafua wa chini.

Kujua dume na jike: usiangalie rangi, sikiliza. Jike huita kwa mapigo mawili, la pili likipanda. Dume hana mwito huo, ana mlio mmoja mmoja tu. Akikomaa utaona pia undu za dume, zile nyama zinazoning'inia mashavuni, ni kubwa zaidi. Weka dume mmoja kwa majike 4 au 5. Wataanza kutaga wakiwa na miezi 6 au 7, na wanasubiri mvua, usiwalaumu kiangazi.

Kanga hapendi sanduku la kutagia. Anataka kujificha. Hapo kwenye kona nimesimamisha majani makavu ya migomba, na ndani yake, angalia, mayai. Chukua kila siku lakini bakiza matatu au manne, la sivyo atahama kiota. Hayo ya kubakiza yatie alama ya penseli.

Mimi natotolesha kwa kuku wa kienyeji. Mchague aliyeanza kulalia juzijuzi, mpulizie dawa ya chawa na utitiri kwanza, na umwekee mayai 15 hadi 18 kwa kadiri ya mwili wake. Kuku amezoea siku 21, kanga anataka 26 hadi 28. Kwa hiyo mlishe na mnyweshe vizuri, asichoke akaondoka wiki ya mwisho. Wenye mashine ya kutotolea, joto ni nyuzi 37.5.

Vifaranga wakitoka, hatari ya kwanza ni maji. Hiki chombo kinaonekana kifupi, lakini nilipoteza vifaranga 9 kwa asubuhi moja ndani ya chombo kama hiki. Sasa najaza kokoto, maji yanabaki katikati ya mawe tu. Sakafuni usiweke gazeti, linateleza na miguu yao hupanuka wakalemaa, weka gunia. Joto la bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga, wiki ya kwanza liwe nyuzi 35: wakijirundika wanaona baridi, wakikimbilia kuta joto limewazidi. Na bruda isiwe na pembe, kwa sababu wakiogopa hubanana kwenye pembe na wa chini hufa.

Wanataka protini kuliko vifaranga wa kuku, kama asilimia 24. Chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama nakiongezea mchwa, ninaowatega kwa chungu kibovu chenye kinyesi kikavu cha ng'ombe na majani. Chanjo ya ugonjwa wa kideri ni tone la jicho, rudia kila miezi 3.

Wakifika wiki 6 kila mmoja anavaa pete ya plastiki yenye namba. Nifungulieni daftari. Namba, tarehe ya kutotolewa, kiota, kuku aliyelalia. Aliyekufa anaandikwa, aliyeuzwa anaandikwa na jina la mnunuzi, na yai lililovunjika linaandikwa. Leo nina 11 wa kuvisha. Nishikie huyu wa kwanza, mguu wa kulia, taratibu, usimbane kifua.