Mafundi Shop na Simu ya Kipaimara

KULWA: Haya, tumerudi. Leo tumejipanga jamani, nina karatasi hapa: mambo matano ya kuzingatia ukichagua kikoa, yaani jina la tovuti ya biashara yako. Zuhura, karatasi si umeiona?

ZUHURA: Nimeiona. Ila kabla ya karatasi, ngoja nikupe ya shemeji.

KULWA: Shemeji wa dukani kule Gerezani, Dar?

ZUHURA: Huyohuyo wa vifaa vya ujenzi. Wasikilizaji wanamjua, ndiye aliyetuuzia ile feni.

KULWA: Ya feni tuyaache.

ZUHURA: Tuyaache. Juzi nimemkuta dukani, kakalia boksi la grenda, simu sikioni, anaongea kwa upole kabisa: "Hapana mama, kipaimara sisi hatufundishi."

KULWA: Kipaimara?

ZUHURA: Duka linaitwa Mafundi Shop. Sasa ameenda mtandaoni, na kwenye kikoa huweki nafasi kati ya neno na neno. Hebu andika hapo kwenye karatasi yako, herufi ndogo, yote pamoja, useme unasoma nini.

KULWA: Mafundi... mafundisho... (anacheka) Mafundisho P!

ZUHURA: Mkia wa anwani naumeza, mwenyewe kaniomba. Basi mama wa watu kaona mafundisho, kaona na namba ya simu, kapiga. Anataka kujua mtoto anaanza lini na daftari gani linahitajika. Shemeji kamuuliza, "Mama, hiyo P umeielewaje?" Kajibiwa, "Si parokia?"

KULWA: Sasa hapo mbona biashara imejileta yenyewe! Afungue na darasa. Mafundisho ya ndoa, mkihitimu mnapewa toroli.

ZUHURA: Usicheke sana, shemeji kakasirika.

KULWA: Wiki ya kwanza uvumilivu, wiki ya pili bisibisi.

ZUHURA: Kulwa.

KULWA: Haya, haya. Dawa yake mimi naiona nyepesi. Aandike M kubwa na S kubwa. Kwenye bango, kwenye risiti, kwenye mlango wa gari. Jicho litakata lenyewe.

ZUHURA: Kwenye bango sawa. Lakini mfumo wa majina ya intaneti hautofautishi herufi kubwa na ndogo. Jaza kubwa tupu pale juu kwenye simu yako, tovuti ikifunguka utakuta zimeshageuzwa ndogo. Mteja akinakili kiungo akamtumia mwenzake WhatsApp, kinachokwenda ni mafundisho. Aweke kistari tu: mafundi, kistari, shop.

KULWA: Hapana. Kistari hapana.

ZUHURA: Wako Wamarekani wanaitwa Experts Exchange, mtandao wa kuulizana maswali ya kompyuta. Walianza na jina lililounganishwa. Yeyote anayejua Kiingereza aliandike kimyakimya, aone linavyosomeka, mimi hapa kuna watoto wanasikiliza. Walihamia kwenye kistari, na mpaka leo wanacho.

KULWA: Wale wanaandikiana. Shemeji anatajiwa watu kwa mdomo! Fundi yuko juu ya kenchi, kashika msumeno, unampigia kelele kutoka chini, "Mafundi kistari shop!" Akishuka ataandika k-i-s-t-a-r-i.

ZUHURA: Hataandika.

KULWA: Ataandika, tena ataongeza na sho ya mafundisho. Halafu unamkumbuka yule msikilizaji wetu wa maziwa, aliyetaka tovuti yenye neno ng'ombe?

ZUHURA: Ile alama ya juu haikubaliki. Ni herufi, tarakimu na kistari basi, nacho kisitangulie wala kisimalizie. Tulimwambia aandike ngombe.

KULWA: Na maziwa yananunuliwa. Watu wanazoea. Jina la shemeji liko kwenye fulana za vijana wake, liko kwenye risiti za miaka. Libadilike kwa ajili ya simu ya mama mmoja?

ZUHURA: Sijasema alitupe. Asajili la pili, la kwanza aendelee kulilipia, anayeingia kwa lile la zamani apelekwe moja kwa moja kwenye jipya. Hakuna anayepotea.

KULWA: Analipia mawili kwa kosa ambalo si kosa. Jina linalochekesha halisahauliki. Mimi nimelisikia leo, kesho nitalikumbuka.

ZUHURA: Utakumbuka kichekesho. Utakumbuka kwamba wanauza drili? Wewe unamhesabu aliyepiga simu. Yule fundi aliyeona kiungo kwenye grupu, akadhani ni mahubiri, akapita, unamhesabu wapi?

KULWA: Huna ushahidi kwamba yupo.

ZUHURA: Na wewe huna ushahidi kwamba hayupo.

KULWA: Basi.

ZUHURA: Basi.

(kimya)

KULWA: Karatasi yangu ina mambo matano.

ZUHURA: Tuna dakika mbili, na wanaorekodi baada yetu wameshafungua mlango. Chagua moja.

KULWA: La nne. Hakikisha kikoa kimesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako, si ya yule kijana aliyekutengenezea tovuti. Kikoa unakilipia kwa kipindi, mwaka au zaidi, na taarifa ya kuisha inakwenda kwenye barua pepe iliyoandikwa pale. Kijana akihama mji, wewe utajua siku tovuti haifunguki. Ukizidi kuzubaa, kinarudi sokoni, anakichukua mwingine.

ZUHURA: Na kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, hakukupi kikoa. Ni milango miwili. Vikoa vya .tz, yaani vya Tanzania, viko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, unavipata kupitia wasajili walioidhinishwa. Usichapishe kadi kabla hujaangalia kote kuwili.

KULWA: Hilo lilikuwa la pili kwenye karatasi yangu.

ZUHURA: Basi tumefanya mawili. Nikitoka hapa napitia Gerezani, namwambia shemeji aweke kistari.

KULWA: Mimi nampigia sasa hivi, kabla hujapanda daladala.