Swali la Unyumba Liulizwe Kabla ya Kisu

Mabibi na mabwana, wauguzi, na ninyi wagonjwa mliokuja na wake zenu, asanteni kwa kufika. Leo nitataja vitu kwa majina yake: uume, shahawa, puru, kusimama. Aliyekaa karibu na mkwewe aniwie radhi. Tukianza kuzungukazunguka, mtu ataondoka humu na hofu ileile aliyoingia nayo.

Ninawazungumzia wanaume wenye magonjwa mawili. Kolitisi ya vidonda huchubua ngozi ya ndani ya utumbo mpana mpaka mtu anaharisha damu. Ugonjwa wa Crohn unaweza kushika popote, kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa. Huku kwetu wengi hunyweshwa kwanza dawa za amiba, wengine za kifua kikuu cha utumbo, kabla jina sahihi halijapatikana. Mara nyingi magonjwa haya huanza kati ya miaka 15 na 35, umri wa kuchumbia, kuoa na kuitwa baba. Dawa zikishindwa, tunapasua. Kijana anaelezwa habari za kutokwa damu, usaha na mshono kuachia, anatia sahihi, na suala la unyumba halijaguswa. Yeye anaona haya kuuliza, daktari anaona haya kusema. Wahenga walishasema mficha uchi hazai, na hapa methali hiyo ni kweli neno kwa neno.

Hatari ya upasuaji huu kwa unyumba iko wapi? Iko ndani kabisa ya nyonga, kwenye puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kuizunguka kunapita mishipa ya fahamu ya aina mbili. Ya kwanza inashuka kutoka kiunoni, inapita nyuma ya puru. Hii ndiyo inayoamuru shahawa itoke, na mlango wa kibofu cha mkojo ujifunge ili isirudi nyuma. Ya pili inatoka chini zaidi, kwenye neva (mishipa hiyohiyo ya fahamu) za 2 hadi 4 za sakramu, mfupa wa chini ya uti wa mgongo, inapita ubavuni mwa puru, inagusana na tezi dume na kuingia uumeni. Hii ndiyo inayosimamisha.

Mwanamume akiumia ile ya kwanza peke yake, uume unasimama sawasawa na kilele anakifika, ila hakuna kinachotoka. Shahawa imerudi kibofuni na itatoka pamoja na mkojo. Haimdhuru mwilini, lakini mke hatashika mimba kwa njia ya kawaida. Akiumia ile ya pili, hamu anayo, uume hausimami. Wote wawili wataingia kliniki na kauli moja: "Daktari, nguvu za kiume zimekwisha." Tiba zao ni mbalimbali kabisa. Wauguzi, mkisikia kauli hiyo msiiandike mkaishia hapo. Mwulizeni: inasimama? Inatoka?

Njia ya neva hizi haikueleweka vizuri hadi miaka ya 1980. Pieter Donker wa Leiden, Uholanzi, na Patrick Walsh wa Johns Hopkins, Marekani, waliifuatilia mpaka uumeni, na mwaka 1982 Walsh akafanya upasuaji wa saratani ya tezi dume kwa kuzikwepa neva hizo makusudi. Sisi wapasuaji wa utumbo tunaitumia elimu hiyo. Na tuna nafuu moja: pasipo saratani, hatulazimiki kuchimba mbali. Tunaweza kufuata ukuta wa puru kwa karibu na kuziacha neva mahali pake. Ndiyo maana hatari kwa mgonjwa wa kolitisi ni ndogo kuliko kwa mwenye saratani ya puru, ambaye pengine amepigwa na mionzi pia. Ndogo, lakini ipo.

Jambo linalofuata nawaomba mlishike sana. Upasuaji wa dharura, wa mgonjwa aliyeletwa hoi anavuja damu, kwa kawaida huondoa utumbo mpana na kuiacha puru. Neva nilizozitaja hazijaguswa bado. Puru huondolewa baadaye, miezi kadhaa mbele, mgonjwa akiwa ameshapata mwili. Kati ya hatua hizo mbili kuna nafasi ya thamani kubwa. Hapo ndipo kijana anaweza kwenda kliniki ya uzazi na kugandisha mbegu zake. Kama alikuwa akimeza sulfasalazini, mojawapo ya dawa za kolitisi, ajue kwamba dawa hiyo hupunguza mbegu na kuzilegeza, na hali hurejea miezi miwili mitatu baada ya kubadilishiwa dawa na daktari wake. Asiiache mwenyewe.

Na baada ya kisu? Wengi huwa afadhali kuliko walivyokuwa. Mtu aliyekuwa anakimbilia chooni usiku kucha, amekonda, uso umevimba kwa dawa za steroidi, alikuwa na hamu ya kulala na nani? Ugonjwa ukiondoka, hamu inarudi. Uume ukikawia, neva zilizovutwa tu bila kukatwa huchukua miezi, hata mwaka na zaidi, kupona.

Kusubiri huko si kukaa bure. Mwaka 2002 madaktari wa Oxford, Uingereza, walichapisha jaribio la sildenafili, dawa ya kusaidia uume kusimama (Viagra), kwa wanaume 32 waliopoteza nguvu baada ya kuondolewa puru kwa saratani au magonjwa haya. Waliopewa dawa yenyewe walikuwa 14, wakanufaika 11. Waliopewa kidonge kitupu walikuwa 18, wakanufaika 3. Kwa hiyo dawa ipo, ila apewe na daktari, kwani ukiichanganya na dawa za moyo za jamii ya nitreti, presha inaweza kuporomoka ukafa. Kwa sababu hiyohiyo nawasihi muogope zile chupa za "mitishamba" zinazotangazwa kwenye nguzo za umeme. Bidhaa za namna hiyo zimepimwa katika nchi nyingi zikakutwa na sildenafili isiyoandikwa popote. Vidonge vikishindwa, zipo sindano, pampu ya kuvuta damu na vipandikizi vya ndani ya uume. Kwa yule ambaye shahawa inarudi kibofuni, kuna dawa zinazosaidia mlango wa kibofu kujifunga, na mbegu zinaweza kuokolewa kutoka kwenye mkojo uliotayarishwa, zikatumika kumpa mke mimba.

Mfuko wa tumboni, unaopokea kinyesi kwenye stoma, yaani tundu la utumbo lililotolewa nje ya tumbo, nao unaogopesha watu kupita kiasi. Umwage kabla, uukunje au uufunike kwa kitambaa, chagueni mlalo usioukandamiza. Tendo halitaharibu stoma. Kitu kimoja tu ni marufuku: kuingiza chochote kwenye tundu lenyewe, maana linapasuka. Na wake zenu waonyesheni mfuko mchana, mnapozungumza, wasikutane nao kwa mara ya kwanza gizani.

Sasa maswali. Karatasi zinapitishwa. Msiandike majina; maswali nitayasoma yote kwa sauti na kuyajibu.