Wavu Juu ya Tangi: Kuwazuia Samaki wa Mapambo Wasirukie Sakafuni

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wafugaji wa samaki wa mapambo, karibuni.

Nianze na sentimita 3. Hiyo ndiyo nafasi ambayo mara nyingi huachwa nyuma ya kifuniko cha kioo ili mpira wa filta na waya wa hita vipite. Samaki mwembamba wa sentimita 10 anapenya hapo. Samaki aliyeshtuka huogelea akifuata kioo, kioo humfikisha kwenye kona, na konani ndiko tulikoacha tundu. Kwa hiyo tangi lenye kifuniko bado linaweza kuwa tangi lililo wazi.

Mfano wangu leo ni Cyprichromis leptosoma wa Ziwa Tanganyika. Huko ziwani huishi kwa makundi makubwa katika maji ya wazi karibu na miamba, wakila vijidudu vinavyoelea. Dume akimfukuza mwenzake, aliyeshindwa ana maji pande zote za kukimbilia. Sasa mtie kwenye tangi la sentimita 120 kwa 45, kimo 45. Mbele kioo, nyuma kioo, chini mchanga. Upande uliobaki ni juu, na huko ndiko anakokwenda. Tropheus wa ziwa hilohilo na mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wana tabia hiyo pia, hasa madume wanyonge. Nothobranchius guentheri wa Unguja anaruka ingawa ni mdogo. Pantodon buchholzi wa mito ya Kongo na Afrika Magharibi hufyatuka juu ya maji kuwafuata wadudu. Erpetoichthys calabaricus, mwenye umbo la nyoka, haruki sana. Yeye hupanda kwenye mpira na kujipenyeza nje.

Watu wengi hushauri kushusha maji sentimita 5 hadi 8 kutoka ukingoni, au kuweka mimea inayoelea. Vyote viwili vinapunguza ajali, lakini haviziondoi. Ukitumia mimea, magugu maji yasitupwe mtaroni: Ziwa Victoria linatosha kutuonya. Mimi nasema wavu uwekwe kwanza, leo, halafu ndipo tutafute kinachowashtua samaki.

Wavu wenyewe unatengenezwa hivi. Nenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, mwombe fremu zile za wavu wa mbu: vipande vyenye mfereji, kona za plastiki, na raba ya kubania wavu. Kwa tangi la sentimita 120 tengeneza fremu mbili, kila moja sentimita 60 kwa 45, ili wakati wa kulisha uinue moja na nyingine ibaki imefunika. Kona za plastiki huongeza urefu, kwa hiyo pima zinaongeza kiasi gani kabla ya kukata. Kila fremu iwe fupi kwa milimita 1 au 2, zisije zikasuguana. Wavu uwe wa nailoni au plastiki angavu, wenye matundu ya milimita 6. Utandaze juu ya fremu ukiacha ziada ya sentimita 3 kila upande, anza kubana raba upande mrefu, kisha upande unaoutazama, halafu pande fupi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanavuta mpaka wavu unalia kama ngoma. Fremu inapinda kuelekea ndani, na katikati yake panatokea mwanya kati ya fremu na kioo. Vuta kiasi cha kunyoosha mikunjo tu, halafu kata ziada kwa wembe.

Ukubwa wa tundu unategemea kichwa cha samaki. Kichwa kikipita na matamvua yakanasa, samaki atafia kwenye wavu, na hilo ni baya kuliko kukosa wavu. Milimita 6 zinawafaa Cyprichromis wakubwa. Kwa vifaranga au samaki wa sentimita 3 tumia wavu wa dirishani wa nyuzi za plastiki, ukijua kwamba unapunguza mwanga na lazima uoshwe mara kwa mara.

Naomba mnisikilize kwa makini hapa. Usikate kamwe chandarua chenye dawa ukakifanya kifuniko. Permethrini, deltamethrini na dawa nyingine za jamii yake ni sumu kali sana kwa samaki, na matone ya maji yanayorukia wavu yatairudisha tangini. Dawa ya kupuliza mbu ni hatari vilevile. Ukilazimika kupuliza chumbani, funika tangi kwa karatasi ya nailoni na uzime pampu ya hewa, kwa sababu pampu hiyo huvuta hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja majini. Wavu wa mabati nao tuuache: unashika kutu, na zinki yake ni sumu kwa samaki.

Kioo cha milimita 4 kinazuia vizuri, ila kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa kinafungia joto ndani. Chini ya wavu maji yanaendelea kugeuka mvuke, na mvuke unapoza. Lita 1 ikiondoka kwa mvuke huchukua joto linalotosha kushusha lita 200 kwa karibu nyuzi 3, kama hakuna joto jingine linaloingia. Vibao vya akriliki, ile plastiki ngumu angavu, hupinda kwa unyevu upande mmoja. Polikaboneti, plastiki ngumu ya aina nyingine, inavumilia zaidi.

Sasa lile tundu la mipira. Katika kona ya nyuma weka kipande cha polikaboneti badala ya wavu, ukichonge kwa vipimo vya mpira wenyewe: mpira wa milimita 16, tundu la milimita 18. Panapobaki mwanya kando ya nyaya, jaza sponji ya filta. Fremu ni nyepesi na samaki mkubwa anaweza kuiinua, kwa hiyo ibane kwa vibanio au uweke kokoto kwenye kona.

Wavu ukishakaa, tutafute sababu. Umeme ni wa kwanza. Unakatika usiku, unarudi saa nane, taa ya tangi inawaka ghafla kwa nguvu zote, na kundi zima linafyatuka. Taa hiyo isiweze kujiwasha yenyewe umeme unaporudi. Asubuhi washa taa ya chumba dakika 20 kabla ya taa ya tangi, na jioni iache iwake baada ya kuizima ile ya tangi.

Ya pili ni amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe, nayo kwa samaki wa Tanganyika ina ukali wa pekee. Maji yao yana pH (kipimo cha uasidi na ualkali) inayokaribia 9. Kwa pH 7 na nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia iliyopimwa ndiyo iliyo katika hali ya sumu. Kwa pH 9 inafika kama theluthi moja. Kipimo kinachovumilika kwa samaki wengine kinawachoma hawa matamvua, nao wanarukia juu. Samaki kadhaa wakiruka ndani ya siku moja, pima maji kabla ya kumlaumu dume.

Ukimkuta sakafuni, lowanisha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu unaondoa ute wake. Mtie kwenye ndoo ya maji ya tangi lake yenye jiwe la hewa, vumbi litoke lenyewe bila kusuguliwa. Usimsukume mbele na nyuma: kurudi nyuma kunapitisha maji kinyume kwenye matamvua. Mshike tu akielekea mapovu. Ngozi ikiwa bado na unyevu, usimkatie tamaa hata kama hapumui kwa dakika kadhaa. Kwa siku 5 angalia ukungu mweupe kwenye mapezi na macho. Na kabla hujamrudisha, pitisha kidole kandokando ya kifuniko chote. Kidole kinapozama, hapo ndipo alipotokea.