Miguu ya Mzee Wangu

Wazee wangu, shikamooni. Nanyi wanafunzi, hamjambo?

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie mashujaa wa Vita vya Kagera, kwa kuwa Julai 25, Siku ya Mashujaa, imekaribia. Nilimwambia mapema kwamba mimi si mtu wa historia, nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu. Shujaa ninayemjua vizuri ni mmoja tu, alikuwa koplo, na alikuwa baba yangu.

Yale ya vitabuni nitayapitia mbiombio. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya nduli Iddi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakashika ardhi yetu hadi Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Novemba 2 Mwalimu akasema na taifa: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Maneno hayo hata wajukuu zangu wanayaimba. Ninalowauliza ni moja: huo uwezo ulifikaje Kampala?

Ulikwenda kwa miguu. Magari yalikuwepo, hata ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kubeba risasi, mizinga na chakula. Askari wa kawaida alitembea. Mutukula, Masaka, Lukaya, Kampala, zaidi ya kilomita 200, bunduki begani, na masika yameshaanza. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Na bado, wengine waliendelea kutembea hadi mpaka wa Sudan.

Mzee aliondoka hapa Tabora kwa treni hadi Mwanza, akavuka ziwa kwa meli hadi Bukoba. Mama akabaki na sisi watatu na mimba ya miezi mitano. Nilikuwa na miaka saba. Mtaa mzima ulikuwa na redio moja, ya jirani yetu fundi cherehani, na mchana betri zake zilianikwa juani juu ya ungo ili jioni zipate nguvu ya taarifa ya habari. Kina mama walikaa barazani kwake wakimenya karanga. Ilipotajwa Masaka hakuna aliyeuliza Masaka iko wapi. Waliuliza, "Hawajataja majina?" Majina hayakutajwa redioni.

Alirudi mwishoni mwa mwaka 1979. Mdogo wetu wa mwisho, aliyezaliwa Machi, alimwona akaangua kilio. Mzee hakumlazimisha. Alikaa kwenye kigoda, akafungua buti, na Mama akaleta karai la maji ya moto yenye chumvi. Nilikuwa nimeshika koroboi, kwa hiyo niliona. Kucha za vidole gumba hazikuwepo. Nyayo zilikuwa zimepasuka kama gome la mwembe. Mama hakusema kitu, akaongeza maji.

Kuanzia wiki ile mpaka nilipokwenda bweni, baba yangu alituosha miguu kila jioni. Tulipanga mstari, aliyezaliwa mwisho akiwa wa kwanza. Aliosha, akafuta, akasogeza koroboi na kukagua katikati ya kila kidole. Ukiwa na funza, pini ilikuwa tayari imepitishwa motoni. Ukiwa na kidonda ulichokificha, ulipata habari yako. Na mkumbuke siku zile. Tumeambiwa tufunge mkanda miezi 18, na mkanda ukaendelea kufungwa kwa miaka, sabuni tunaipangia foleni toka alfajiri. Ikikosekana alisugua kwa majani ya mpapai. Majirani walicheka, mwanaume na buti zake anaosha watoto! Yeye alijibu kwamba askari mwenye kidonda mguuni anawatesa wenzake. Basi.

Mama alipolazwa miezi miwili, alitupikia na kutusuka. Naam, koplo alisuka. Mtindo aliojifunza kwa dada wa jirani ulikuwa mmoja, twende kilioni, na mistari yangu ilipinda kama reli inayokata kona. Nilikwenda nayo shule. Walionicheka niliwapiga, nikarudishwa nyumbani na barua, naye akaisoma taratibu mara mbili na kuniuliza kama niliwashinda.

Sitaki mwondoke mkidhani nawasimulia malaika. Radi za masika zilipoanza aliamka, akakaa nyuma ya mlango hadi kukuche. Mama alitufundisha tusimguse kwa nyuma, tumwite kwanza. Alikuwa mkali kupita kiasi, na kaka yangu alipoleta fomu ya kuomba jeshi aliichana mbele yetu. Hawakusemeshana karibu mwaka. Mtu aliyeuheshimu mno unifomu wake, kwa nini achane ile karatasi? Sikumwelewa, na hadi leo siko upande wake katika hilo.

Na habari za vita hakutoa. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilimbana, nikamwambia nisimulie Lukaya, maana nilikuwa nimesoma kwamba pale mapigano yalikuwa makali. Akanisimulia habari ya soksi. Kijana mmoja wa kombania yake, mtu wa Mtwara, alimwona anachechemea, akampa pea yake kavu asubuhi. Jioni Mzee akaenda kumrudishia. "Sikuwa na wa kumrudishia," akasema, akaomba chai.

Maadhimisho hakuhudhuria hata mara moja. Lakini mwaka fulani alisafiri peke yake kwa basi hadi Kaboya, kule Muleba, yalipo makaburi ya mashujaa wa vita ile. Mama ndiye aliyepanga mfuko: shati, kanzu, mswaki, soksi mpya pea moja ambazo Mzee alizinunua mwenyewe sokoni. Alikaa siku nne. Mama alipofungua mfuko ili afue, soksi hazikuwemo. Mama hakuuliza.

Mwaka wake wa mwisho kiharusi kilimlaza upande wa kushoto. Sisi mabinti tulipeana zamu za chakula na dawa. Jioni ilikuwa ya kaka, yule yule wa fomu, ambaye sasa naye ana mvi. Aliingia na karai, taulo begani, akakaa kwenye kigoda na kuanza kumwosha miguu. Maneno ya Mzee siku hizo yalikuwa machache na hayasikiki vizuri, ilibidi uiname. Jioni moja kaka alimaliza, akafuta, akataka kuinuka na maji yake. Mzee akamshika mkono.

"Katikati ya vidole," akasema.

Kaka akakaa tena.

Haya, kama kuna maswali, anzeni ninyi wa nyuma.